Daftari Kabla ya Mwongozo

Swali la dondoo katika karatasi ya tatu ya Kiswahili ya mtihani wa KCSE lina sura ambayo kila mwanafunzi wa sekondari nchini Kenya anaijua. Mtahiniwa hupewa maneno machache ya mhusika, akaambiwa aeleze muktadha wake kwa alama nne: msemaji ni nani, anamwambia nani, wako wapi, na kwa nini. Kisha atatambua mbinu za lugha, na mwishowe aonyeshe jinsi suala fulani linavyojitokeza kitabuni. Ukimpa swali hilo mtu aliyeisoma riwaya mara mbili kwa raha zake, huenda akapoteza alama mbili kwa kusahau mazungumzo yalifanyika wapi. Ukimpa aliyekariri mwongozo wa riwaya hiyo bila kukifungua kitabu chenyewe, huenda akazivuna zote. Walimu wanalijua hilo, wanafunzi wanalijua, na wachapishaji wa miongozo wanalijua kuliko wote. Upande wa Tanzania swali huja kwa sura nyingine, lakini matokeo yanafanana. Mtahiniwa wa kidato cha nne hutakiwa kuthibitisha kauli fulani kwa hoja kutoka vitabu viwili alivyosoma, naye hujiandaa kwa kubeba kichwani orodha iliyopangwa tayari: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, halafu muundo, mtindo, wahusika na tamathali za semi. Orodha hiyo inaingia kwenye riwaya yoyote, na ndiyo maana haimdai mtu asome riwaya yoyote.

Lawama ya hali hii huwaangukia wanafunzi. Kizazi hiki hakipendi kusoma, tunaambiwa, na simu zimekiharibu. Lakini miongozo ilikuwa ikiuzwa kabla simu hazijafika mabwenini, na mwanafunzi anayekiacha kitabu akashika mwongozo anafuata mantiki ambayo darasa lenyewe limemfundisha. Angalia jinsi kitabu teule kinavyofundishwa kwa kawaida. Mwalimu anaanza na maisha ya mwandishi, anasimulia ploti, anafafanua anwani, kisha anasomesha noti za wahusika na sifa zao huku darasa zima likiandika. Mwanafunzi anapofika ukurasa wa kwanza wa riwaya tayari ameshaambiwa nani fisadi, nani mzalendo, nani msaliti, na methali gani inamfaa kila mmoja. Kilichobaki kwake ni kuhakiki kama noti zinasema kweli, na hakuna anayempa muda wala sababu ya kufanya hivyo. Kasoro kubwa ya somo letu la fasihi iko hapo, katika utaratibu. Tafsiri inamfikia msomaji kabla ya kitabu. Ukiugeuza utaratibu huo, mwanafunzi akaandika kwanza alichokiona yeye, ndipo darasa lizungumze, ndipo mwalimu aeleze, na mwongozo uje mwisho kabisa, mengi mengine yanabadilika bila kungoja wizara ibadilishe mtaala.

Chombo chenyewe ni cha bei ndogo: daftari la kurasa 96 na dakika kumi za mwanzo wa kipindi. Wanafunzi wamesoma sura fulani usiku uliopita, au imesomwa kwa sauti darasani kwa kuwa nakala ni chache. Kabla mwalimu hajasema lolote, kila mmoja anaandika jibu lake kwa yale aliyosoma. Neno jibu nalitumia kwa makusudi, kwa sababu mengine yanayofanana nalo si kitu hiki. Muhtasari wa sura hauitwi jibu. Insha yenye utangulizi, kiini na hitimisho haiitwi jibu. Kuorodhesha sifa za mhusika pia sivyo. Jibu ni pale msomaji anaposema mahali gani pamemgusa, pamemchanganya au pamemkera, akaonyesha maneno ya kitabu yaliyomfanya ahisi hivyo, akajaribu kueleza kwa nini. Mistari kumi na mitano inatosha. Masharti ni mawili kwa kuanzia: lazima ataje ukurasa, na lazima awe na swali moja ambalo yeye mwenyewe hajui jawabu lake.

Chukua Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, riwaya ambayo imesomwa na maelfu ya wanafunzi wa Tanzania. Peter na Zita wanarudishwa nyumbani kwa kukosa ada na sare, na njia yao inaishia jalalani Tabata. Noti zitasema: dhamira ni umaskini, ulevi wa Mzee Lomolomo ni chanzo cha matatizo ya familia, ujumbe ni kwamba elimu ni haki ya mtoto. Hakuna kosa katika maneno hayo, ila hayana mwenyewe. Mwanafunzi ambaye naye aliwahi kusimamishwa mbele ya darasa kwa sababu ya ada hataona kwanza dhamira. Ataona mlango wa shule, na huenda akaandika kwamba kinachomkasirisha ni mwalimu anayewafukuza watoto hao, wala si mzazi mlevi, kisha akauliza kwa nini lawama nyingi zinamwendea baba. Hilo ni swali la uhakiki hasa. Linagusa namna mwandishi alivyogawa hatia kati ya familia na taasisi, jambo ambalo mhakiki wa chuo kikuu angeliandikia makala. Mwanafunzi amelifikia kwa miguu yake mwenyewe, na sasa mwalimu ana kitu cha kufundishia: turudi kwenye kurasa, tuone riwaya inamlaumu nani, kwa maneno gani, na wapi inanyamaza.

Ushahidi kwamba kuandika hivi kunasaidia kuelewa si wa kubahatisha. Mwaka 2010 Steve Graham na Michael Hebert walitoa ripoti kwa ajili ya shirika la Carnegie la New York, wakikusanya matokeo ya majaribio mengi yaliyofanywa shuleni. Waliona kwamba wanafunzi wanaoandika kuhusu walichosoma hukielewa vizuri zaidi kuliko wanaokisoma tu, wanaokirudia au wanaokijadili kwa mdomo, na kwamba faida hiyo huonekana hata kwa wanafunzi dhaifu katika kusoma, ilimradi wafundishwe namna ya kuandika. Kuna utafiti mwingine unaofaa zaidi kwa wale wanaohofia mtihani. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya kusoma. Kundi moja lilikisoma kifungu tena na tena. Kundi jingine lilikisoma kwa kipindi kimoja tu, kisha likakifunika na kujaribu mara tatu kuandika linachokikumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: walioandika bila kutazama walikumbuka asilimia 61, na waliorudia kusoma asilimia 40. Mwanafunzi anayekesha na mwongozo wiki ya mtihani yuko katika kundi la dakika tano. Aliyekuwa akifunga kitabu na kuandika tangu kidato cha tatu ndiye atakayekumbuka dondoo limetoka wapi, kwa kuwa aliwahi kulitafuta mwenyewe kichwani.

Hoja ya ndani zaidi ilitolewa na Louise Rosenblatt katika kitabu chake cha mwaka 1938, Literature as Exploration, kilichoandikwa kwa walimu wa Marekani. Alisema kazi ya fasihi haikamiliki kwenye karatasi. Hutokea pale maandishi na msomaji mahususi wanapokutana, kila mmoja na historia yake. Baadaye alitofautisha kusoma kwa ajili ya kuondoka na taarifa, kama mtu anavyosoma maelezo ya dawa, na kusoma kwa kuishi ndani ya kinachosomwa. Madarasa yetu yanafundisha kusoma kwa namna ya kwanza, kisha yanashangaa kwa nini vijana hawapendi riwaya. Hakuna anayependa maelezo ya dawa.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya Rosenblatt lilikuwa limeshaandikwa miaka tisa kabla yake, na mtu asiyeogopa hoja yake hana budi kulikabili. I. A. Richards, akifundisha Cambridge, aliwagawia wanafunzi mashairi bila majina ya washairi, akawaomba waandike maoni yao, kisha mwaka 1929 akachapisha alichokipata katika Practical Criticism. Matokeo yalikuwa ya aibu. Vijana wa chuo kilichoheshimika sana walishindwa kuelewa maana ya wazi ya mashairi, walisifu mabovu, walidharau mazuri, na wengi waliingiza humo kumbukumbu zao binafsi zisizohusiana na shairi. Kama wale walikosea hivyo, mtu atauliza, tutegemee nini kwa kidato cha pili katika shule ya kata? Si tutazalisha maoni mia tano ya ovyo, kila mmoja akiamini kwamba kwa kuwa amehisi, basi ni sahihi? Kwangu mimi kitabu cha Richards kinathibitisha upande wa daftari. Makosa yale yalikuwa vichwani mwa wanafunzi tangu zamani. Mihadhara iliyafunika, hayakuonekana mpaka walipoandika bila kuongozwa. Mwalimu anayesomesha noti hajui darasa lake halijaelewa nini. Atajua kwenye mtihani, au hatajua kabisa, kwa kuwa kilichokaririwa vizuri hufanana na kilichoeleweka. Sharti la kutaja ukurasa lipo kwa ajili hiyo. Mwanafunzi ana uhuru wa kumchukia mhusika ambaye darasa zima linampenda, lakini hana uhuru wa kumpa maneno ambayo hakuyasema.

Wapo pia watakaosema kwamba kumwachia mtoto amhukumu mwandishi ni desturi ya kigeni, kwamba kwetu mdogo husikiliza. Historia ya maandishi ya Kiswahili inasema vingine. Tangu gazeti la Mambo Leo lianze kutoka Tanganyika mwaka 1923, kurasa za mashairi za magazeti ya Kiswahili zimekuwa uwanja wa majibizano: mtu anatunga, mwingine kutoka mji wa mbali anamjibu kwa bahari ileile na vina vilevile, wa tatu anaingilia kuwasuluhisha au kuwachochea. Heshima ya mshairi ilipimwa pia kwa idadi ya waliojisumbua kumjibu. Mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970, pale Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya mashairi huru, Kichomi, mwaka 1974 na watetezi wa urari wa vina na mizani wakasimama kidete, ulikuwa wa wasomaji waliokataa kupokea kimya. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika ya mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kisha ikaja kusomwa shuleni humohumo. Kama watu wazima wa wizara walibadilisha mawazo kuhusu kitabu kimoja, si ajabu kijana naye akataka nafasi ya kuamua anachokifikiria. Kilichoingia kama mgeni ni ile noti inayonakiliwa ubaoni, ambayo haijibiwi na mtu.

Kutoka kwenye majibizano hayo daftari linapata sharti lake la tatu: lisomwe na mtu. Maandishi yasiyo na msomaji hulegea haraka, na mwanafunzi akigundua kwamba daftari linarundikwa tu kabatini ataandika chochote cha kujaza ukurasa. Msomaji huyo si lazima awe mwalimu. Baada ya zile dakika kumi, madaftari yanabadilishwa dawati kwa dawati, na jirani anaandika mistari mitatu chini ya jibu la mwenzake: anakubali wapi, anapinga wapi, na kwa maneno gani ya kitabu. Katika hadithi ya Said A. Mohamed, Tumbo Lisiloshiba, jitu linaingia mkahawani na kula chakula chote kilichopikiwa wateja. Mmoja ataandika kwamba jitu ni viongozi walafi, kama alivyosikia kwa kaka yake aliyemaliza mwaka juzi. Jirani akimwandikia, basi nionyeshe mahali hadithi inaposema ni kiongozi, yule wa kwanza analazimika kurudi kitabuni. Huenda akarudi na ushahidi, huenda akarudi na mashaka. Kwa vyovyote amerudi, na ameagizwa na rika lake, ambalo huwa na nguvu kuliko kalamu nyekundu.

Mwalimu anayesoma haya tayari ameanza kupiga hesabu, na hesabu yake ni halali. Mikondo minne yenye wanafunzi hamsini ni madaftari mia mbili. Ukitumia dakika tatu kwa kila moja, ni dakika mia sita, saa kumi kamili, kwa jibu moja la wiki moja. Tangu Kenya iamue mwaka 2018 kwamba kila anayemaliza shule ya msingi aingie sekondari, na tangu Tanzania ifute ada ya sekondari ya chini kuanzia 2016, vyumba vimejaa na hamsini ni idadi ya shule yenye bahati. Anayemwambia mwalimu huyo asahihishe madaftari yote kila wiki hajawahi kufanya kazi yake. Lakini hesabu hiyo inasimama juu ya dhana kwamba kila kinachoandikwa na mwanafunzi lazima kisahihishwe, tahajia na yote, na dhana hiyo ndiyo imepunguza uandishi shuleni hadi insha mbili tatu kwa muhula. Madaftari haya hayasahihishwi. Mwalimu anachukua kumi kutoka kila mkondo, anayasoma ya kila mkondo kwa nusu saa bila kushika kalamu, anatafuta mambo mawili: kosa linalojirudia, na swali linalostahili kipindi. Kesho yake anaanza somo kwa swali hilo. Nusu saa hiyo inachukua mahali pa muda ambao angeutumia kuandaa noti, maana sasa anajua nini hakihitaji kuelezwa.

Ni kweli kwamba wengine watanakili. Mwongozo upo, noti za miaka iliyopita zinazunguka kwa WhatsApp, na siku hizi programu za akili mnemba zinaandika uchambuzi wa riwaya ya Chozi la Heri kwa sekunde chache, zikichanganya majina ya wahusika bila haya. Kazi zote za nyumbani zinakabiliwa na hatari hiyo, na daftari la darasani linakabiliwa nayo kidogo kuliko nyingine. Linaandikwa hapohapo, kwa mkono, kuhusu kurasa chache mahususi, na linadai kitu ambacho mwongozo hauna: swali ambalo mwandishi wa jibu hajui jawabu lake. Miongozo imejaa majawabu. Kuna kinaya kimoja kisichohitaji mwongozo kukieleza. Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 2012 na kutahiniwa Kenya kwa miaka kadhaa, ina kisa cha mswada wa kijana Amani kuibwa na Mwalimu Majisifu na kuchapishwa kwa jina la mwizi. Vijana wasiohesabika wamejibu maswali kuhusu wizi huo kwa maneno ya mtu mwingine, wakatia sahihi yao.

Jambo ambalo watetezi wa mbinu hii hulipita haraka, na halipaswi kupitwa, ni siri. Chozi la Heri ya Assumpta Matei inafunguka kwa Ridhaa akiwa katika maangamizi ya ghasia za baada ya uchaguzi. Katika darasa la Nakuru au Uasin Gishu wamo watoto wa familia zilizokimbia mwaka 2007 na 2008, na huenda kwenye dawati la pili kuna mtoto wa familia iliyobaki. Takadini ya Ben J. Hanson, ambayo Sekai anatoroka ili kumwokoa mtoto wake mwenye ualbino, inasomwa nchini Tanzania, ambamo watu wenye ualbino wameuawa kwa imani za kishirikina, na wapo wanafunzi wenye ualbino wanaoisoma pamoja na wenzao. Ukimwambia mtoto aandike kilichomgusa, halafu umpe jirani daftari, unaweza kumvua nguo mbele za watu bila kukusudia. Kwa hiyo mwanafunzi awe na haki ya kukunja ukurasa, na ukurasa uliokunjwa usisomwe na jirani. Mwalimu naye ajue mapema atafanya nini akikuta humo jambo la kupigwa, kutishwa au kuguswa vibaya nyumbani, kwa sababu atakutana nalo. Noti za ubaoni hazina hatari hii kwa kuwa hazimgusi mtu. Ni bei ya kufundisha fasihi kama fasihi, na afadhali ilipwe kwa tahadhari kuliko kukwepwa kwa kufundisha orodha.

Kinachobaki ni alama. Mitaala mipya ya pande zote mbili inasifu umahiri na upimaji endelevu, na ni rahisi kuona daftari hili likigeuzwa kielelezo cha upimaji, lenye jedwali la vigezo na alama ishirini. Siku hiyo litakufa, kwa sababu mwanafunzi atauliza mwalimu anataka nini, na soko litatoa Mwongozo wa Kujibu Daftari la Msomaji kabla ya muhula kwisha. Kitu pekee kinachoweza kuhesabiwa bila kuliharibu ni kama limeandikwa au halikuandikwa. Alama za ubora zibaki kwenye insha, ambayo mwanafunzi ataitunga mwishoni mwa kitabu kwa kuchagua jibu lake moja, pamoja na mistari ya jirani aliyempinga, na kulikuza likawa hoja kamili yenye ushahidi wa kurasa. Na mahali pa kuanzia ni kidato cha kwanza, wakati vitabu teule vya mtihani wa mwisho havijaanza, mwongozo bado hauna kazi, na hadithi fupi ya kurasa sita inatosha kwa wiki nzima. Anayesubiri mpaka kidato cha nne atakuta wanafunzi wameshajifunza kuuliza swali moja tu, nalo ni kama hiki kitatahiniwa.